Mchagua Jembe

Wahenga wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii imewaadilisha wavivu wengi, maana mtu asiyetaka kulima hakosi ila ya kutaja katika kila jembe analopewa: hili zito, lile jepesi, mpini wa hili mfupi, na makali ya lile yamekuwa butu. Wakati yeye anachagua, mvua hupita na magugu humea. Hapana shaka methali ni ya kweli kwa mtu wa namna hiyo. Lakini methali ni kama taa: huangaza upande ilikoelekezwa, na upande wa pili huuacha gizani. Yuko mtu mwingine ambaye methali hii haikumtazama. Huyu ni mtu aliyetumwa kuchagua jembe si kwa mkono wake mwenyewe, bali kwa mikono ya wengine. Si kwa fedha zake, bali kwa fedha za mchango. Na shamba litakalolimwa si lake, bali la watoto. Je, huyu naye akichagua kwa makini tumwite mvivu? Na akichagua kwa pupa, jembe likavunjika kabla ya mavuno, tumwite nani?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji. Ili tusilifikiri hewani, nitachukua mfano wa chombo kimoja kidogo ambacho yamkini hujapata kukiona. Mimi mwenyewe sikuwahi kukitumia kazini, kwa sababu umri wake ulikuwa mfupi na nilipoanza kufundisha kilikuwa kimekwisha kutoweka. Chombo hicho ni kadi ya kuunganishia picha, iliyotiwa ndani ya kompyuta katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, ili picha itembeayo na maandishi ya kompyuta vionekane pamoja katika kioo kimoja. Nimekichagua kwa kuwa kimekufa. Chombo kilichokufa hakina mchuuzi wa kukisifu wala mshindani wa kukikashifu, na kwa hiyo twaweza kukitazama bila ya kuvutwa mkono.

Kwanza yatupasa kujua kilitakiwa kwa haja gani. Leo kijana akigusa simu, picha itembeayo humtokea mara moja, naye haoni ajabu. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kufanya hivyo. Picha moja ya kujaza kioo, yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo, ikiwa na rangi zake zote, huhitaji baiti 921,600. Santuri ya CD iliyotumiwa na kompyuta hizo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilileta baiti kama 150,000 kwa sekunde. Piga hesabu, nawe utaona kwamba picha moja tu ingechukua sekunde sita kufika. Na kwa kuwa picha 30 zahitajika ili jicho lione mwendo wa sekunde moja, sekunde hiyo moja ingengojewa kwa dakika tatu. Mtu aliyetaka kumwona simba akiruka angengoja hata simba akaruka, akala, na akalala.

Lakini kulikuwa na chombo kingine kilichokuwa na picha tele. Hicho ni santuri ya leza, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Ilikuwa duara kubwa la rangi ya fedha, upana wake sentimita 30, na upande wake mmoja uliweza kubeba picha hata 54,000, kila moja na nambari yake. Zikionyeshwa mfululizo kwa mtindo wa picha 25 kwa sekunde, zilidumu dakika 36. Mtu aliyetaka picha moja aliitaja kwa nambari, ikaja, ikasimama mbele yake bila kutikisika.

Basi santuri ilikuwa na picha, lakini haikuwa na akili; kompyuta ilikuwa na akili ya namna yake, lakini haikuwa na picha. Walimu na mafundi wa Ulaya na Marekani waliona kwamba vitu hivi viwili vikioana, somo la namna mpya litazaliwa. Kompyuta itamwuliza mwanafunzi swali, mwanafunzi atajibu, kompyuta itaiamuru santuri ilete picha inayofaa jibu lile, kisha juu ya picha itaandika neno, au itachora mshale wa kuonyesha, tuseme, mshipa wa damu ulioziba. Kadi ninayoisema ndiyo iliyokuwa kungwi wa ndoa hiyo.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Picha ya televisheni ya siku zile haikuchorwa yote kwa mara moja. Ilichorwa mstari baada ya mstari, kutoka juu hata chini, kwa mwendo wa haraka mno. Picha ya kompyuta nayo ilichorwa vivyo hivyo, lakini kwa mwendo wake yenyewe. Bila shaka umepata kuwaona watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja kwa michi miwili. Mmoja akiinua, mwenziwe hushusha, na mtama hutwangika vizuri. Lakini mmoja akipotewa na mwendo, michi hugongana na nafaka humwagika. Picha mbili zisizokwenda kwa mwendo mmoja nazo zikitiwa katika kioo kimoja huyumba na kuraruka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kadi ilikuwa kuzilazimisha zifuate mwendo mmoja. Kazi ya pili ilikuwa kuamua ni wapi ionekane hii na wapi ionekane ile. Mwandishi wa programu alipaka sehemu ya kioo kwa rangi aliyoichagua, tuseme zambarau, na kila mahali kadi ilipoiona rangi ile iliiondoa na kuidhihirisha picha ya santuri, kama fundi atobolaye dirisha ukutani ili bustani ya nje ionekane.

Sasa, msomaji, jitie katika nafasi ya mwalimu aliyepewa fedha za chuo chake akanunue kadi hiyo. Ataanzia wapi?

Ataanza kwa kuuliza nani amfuate mwenziwe. Kompyuta iliyoitwa Amiga, iliyotoka mwaka 1985, iliundwa hata mwendo wake ukakaribiana na ule wa televisheni, na kifaa kidogo cha bei nafuu kilitosha kuiunganisha. Lakini kompyuta za IBM zenye mtindo wa VGA, zilizoanza mwaka 1987, zilichora mistari kama 31,500 kwa sekunde, na televisheni ilichora kama 15,700 tu, yaani nusu yake. Hapo kadi ilibidi kuipokea picha ya televisheni, kuiweka katika kumbukumbu yake, kisha kuitoa tena kwa mwendo wa kompyuta. Kadi ya namna hii ilikuwa na kazi zaidi, na kazi zaidi ni gharama zaidi.

Kisha atauliza juu ya mtindo wa televisheni. Marekani na Japani zilitumia mistari 525 na picha 30 kwa sekunde. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zilitumia mistari 625 na picha 25, na hata Kenya yetu ilikuwa upande huo mpaka televisheni ya analogi ilipozimwa mwaka 2015. Santuri njema ya Marekani haikumfaa mtu mwenye mashine na kadi ya mtindo wa Uingereza tu, ijapokuwa zote mbili zilikuwa nzima.

Tena atauliza juu ya mlango wa kuingilia. Mwaka 1987 IBM ilileta kompyuta zilizoitwa PS/2, ambazo nyingi katika hizo zilikuwa na nafasi za kuchomekea kadi za umbo jipya, lililoitwa Micro Channel. Kadi iliyofaa nafasi za zamani haikuingia katika hizo mpya, wala mpya haikuingia katika zile za zamani. Sokoni zilikuwako kadi nyingi: M-Motion ya IBM yenyewe, DVA-4000 ya kampuni ya VideoLogic ya Uingereza, na kutoka mwaka 1992 Video Blaster ya kampuni ya Creative. Kila moja ilikuwa na lugha yake ya kuamrishwa, na somo lililoandikwa kwa kadi moja mara nyingi halikuitii nyingine. Kwa hivyo mtu aliyedhani anachagua kadi, kwa kweli alichagua pia kompyuta, na santuri, na masomo, na mafundi. Ni kama mtu aoaye, ambaye hudhani ameoa mtu mmoja, kumbe ameoa ukoo mzima.

Lakini sijafika bado katika kiini cha shida. Mwezi wa Desemba 1991 kampuni ya Apple ilitoa programu iliyoitwa QuickTime, na mwezi wa Novemba 1992 kampuni ya Microsoft ikatoa yake, iliyoitwa Video for Windows. Programu hizi ziliikaza picha itembeayo, zikaipunguza hata kompyuta ikaweza kuionyesha bila santuri ya leza na bila kadi yoyote ya kuunganishia. Hapo kwanza picha yenyewe ilikuwa duni. Ilikuwa ndogo, watu wakaifananisha na stempu ya barua, na mwendo wake ulikuwa wa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Ukiiweka kando ya picha ya santuri, iliyojaza kioo kizima na kutembea kwa ulaini, ungecheka.

Basi mwalimu wetu wa mwaka 1992 alisimama katika njia panda. Mkono wa kuume ulikuwapo uzuri uliokamilika, wenye gharama kubwa, ambao siku zake zilikuwa zinahesabika. Mkono wa kushoto ulikuwapo udhaifu wa kuchekesha, wa bei ndogo, ambao siku zote zijazo zilikuwa zake. Mtu wa kwanza angemwambia: "Wanafunzi wako wa uuguzi wanahitaji kuona jeraha vizuri mwaka huu. Huwezi kuwafundisha kwa stempu." Mtu wa pili angemwambia: "Fedha hizi hazitapatikana tena. Ukinunua kitakachokufa, wanafunzi watakaokuja baadaye utawafundisha kwa nini?" Nani katika hawa alisema kweli?

Wakati ulikwisha kutoa jibu lake. Picha ndogo ilikua mwaka kwa mwaka hata ikajaza kioo. Kadi ya kuunganishia picha za santuri ikakosa kazi, na mwaka 2009 kampuni ya Pioneer ikatangaza kuacha kutengeneza mashine za santuri za leza. Watu wengi, wakisikia hayo, watasema kwamba mtu wa pili alikuwa na hekima na wa kwanza alikuwa mjinga. Mimi sikubaliani nao, na nakusihi usikubali upesi.

Kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakuna ajuaye siku ile alipochagua si haki. Majuto ni mjukuu, na mjukuu hazaliwi kabla ya babu. Ikiwa mwalimu alichagua kadi yenye picha nzuri, akaitumia kwa miaka sita, na wauguzi waliofunzwa kwayo wakajua kuosha jeraha na kuokoa maisha, je, kazi hiyo ilibatilika siku kadi ilipotupwa? Jembe lililolima mavuno sita haliwi jembe baya kwa kuvunjika katika la saba. Vyombo vyote hufa. Anayekataa kununua chombo kwa sababu kitakufa hatanunua chombo kamwe, naye ndiye hasa yule mchagua jembe aliyetajwa na wahenga. Kwa hivyo kufa kwa chombo si fedheha ya aliyekichagua. Liko jambo jingine ambalo yatupasa kumwuliza, nalo ni hili: chombo kilipokufa, kilizikwa na nini?

Swali hilo lina kisa chake, na kisa ni cha kweli. Mwishoni mwa mwaka 1085, Mfalme William aliyeiteka Uingereza aliamuru nchi ihesabiwe: mashamba, vinu, ng'ombe na watu. Hesabu hiyo iliandikwa mwaka 1086 kwa wino juu ya ngozi, na kitabu chake kikaitwa Domesday. Miaka 900 ilipokaribia kutimia, shirika la BBC, pamoja na kampuni za Acorn, Philips na Logica, lilikusudia kufanya hesabu mpya ya nchi ile kwa ufundi wa kisasa. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita nne kwa tatu, na shule zikaombwa ziandike habari za vipande vyao. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, na wengi wao walikuwa watoto wa shule. Waliandika juu ya maduka ya mtaani, michezo yao, chakula chao, na kazi za wazazi wao. Walipiga picha za njia na nyumba. Yote hayo yakakusanywa mwaka 1986 katika santuri mbili za leza, zikasomwa kwa kompyuta ya BBC Master na mashine ya Philips iliyokuwa na uwezo wa kutandaza maandishi ya kompyuta juu ya picha za santuri. Kilikuwa chombo cha ajabu, na waliokiunda walikuwa mafundi wa kusifiwa.

Lakini bei yake ilikuwa kama pauni 5,000, na shule nyingi zilizochanga habari hazikumudu kukinunua. Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji. Mtoto aliandika kwa mkono wake habari za kijiji chake, akazitoa kwa moyo mweupe, kisha zikawekwa ndani ya chombo ambacho hakuweza kukifungua. Wala haikupita miaka ishirini kabla ya mashine zilizoweza kuzisoma santuri hizo kuwa adimu, na watu wakaanza kusema kwa mshangao kwamba hesabu ya mwaka 1086 yasomeka, na ile ya mwaka 1986 i karibu kupotea.

Haikupotea. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu iliyoifanya kompyuta mpya kuigiza ile ya zamani, hata habari zikasomeka tena. Picha nazo zilinakiliwa upya kutoka katika kanda za asili, ambazo kwa bahati njema zilikuwa zimehifadhiwa. Mwaka 2011 BBC iliziweka habari za watoto wale katika intaneti ili kila mtu asome. Hata mahali hapo napo pakafungwa mwaka 2018, na nakala yake ikahifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Waona basi kwamba hata jahazi la kuokolea huzama, na yapasa liokolewe.

Wako wasomao kisa hiki wakasema: "Afadhali ya kale, ngozi na wino ni bora kuliko mitambo." Hao hawakusoma vema. Kitabu cha mwaka 1086 kimeandikwa kwa Kilatini cha mkato ambacho Mwingereza wa leo, akikishika, hataelewa chochote asipofundishwa. Kilichokihifadhi si ngozi peke yake. Katika kila kizazi walikuwapo watu waliopewa amana ya kukilinda kwa kufuli. Mwaka 1783 maneno yake yalipigwa chapa, nakala zikawa nyingi, na baadaye wakatokea wafasiri waliokitia katika lugha ya watu. Ngozi isingeweza kufanya hayo kwa nguvu zake. Ni uaminifu wa watu uliovusha maneno kutoka chombo hata chombo. Santuri za mwaka 1986 nazo ziliponea njia ile ile: si kwa ubora wa kadi, bali kwa watu waliokataa kuyaacha maneno ya watoto yafe pamoja na mashine.

Nitakuambia sasa kwa nini jambo hili limenishika moyo, nami nitalisema bila kujitetea. Miaka michache iliyopita niliwatuma wanafunzi wangu kwa wazee wa kata yetu, wakawaulize asili ya majina ya vilima na mito. Tulikuwa na kompyuta ndogo za kugusa, nami nilichagua programu moja iliyopendeza sana, iliyopanga sauti za wazee juu ya ramani, kila sauti mahali pake. Niliichagua kwa jioni moja, kwa sababu ilimetameta. Wazee waliketi na watoto, wakasema mengi. Baadaye mzee mmoja alinikuta njiani, akaniuliza, "Mwalimu, yale maneno yangu mmeyaweka wapi?" Nikamjibu, "Yako salama, mzee." Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kwenda kutazama. Mwaka uliofuata programu ile haikufunguka tena, wala sauti hazikutoka, na sikuwa nimenakili hata moja mahali pengine. Mzee yule ametutoka. Yaliyosalia ya maneno yake ni kurasa mbili katika daftari la msichana mmoja aliyekuwa na tabia ya kuandika kila asikialo, ambaye siku ile nilimwambia kwamba hakuna haja ya kuandika.

Kosa halikuwa la programu. Kosa halikuwa hata kuchagua chombo kilichokufa upesi, maana sikuwa na njia ya kujua siku ya kufa kwake. Kosa langu lilikuwa kutouliza itakuwaje kikifa, na hilo niliweza kuliuliza siku ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii naijua tangu utotoni, na nimeifundisha mara nyingi ubaoni.

Kwa hiyo, msomaji, nikirudi kwa mwalimu wetu wa mwaka 1992 aliyesimama katika njia panda, sitamwambia chukua kuume au chukua kushoto. Nitamwuliza mambo matatu, na kwa majibu yake nitajua kama amechagua kwa haki.

La kwanza ni hili: unamchagulia nani, na ameulizwa? Fedha ni za wengine, na wakati utakaopotea ni wa wengine. Mwenye kuchagua kwa ajili ya sifa yake, ili wageni waje wakishangae chombo, amewaibia anaowachagulia hata kama chombo ni chema. Chombo ambacho wenye haja nacho hawawezi kukifikia si chao, hata kikiandikwa majina yao juu yake.

La pili: kazi ni ipi? Mwalimu wa wauguzi alihitaji picha kubwa ya jeraha, na kadi ya gharama yamkini ilimfaa. Mwalimu wa hesabu aliyeinunua kadi ile ile ili nambari zake zionekane mbele ya picha ya maporomoko ya maji alinunua pambo. Kabla ya kulinganisha majembe yatupasa kuutazama udongo.

La tatu: kikifa chombo hiki, nini kitabaki mikononi mwetu? Je, picha za asili ziko mahali pengine? Je, maneno yameandikwa pia kwa namna ambayo mtu mwingine, kwa chombo kingine, aweza kuyasoma? Mwenye kujibu swali hili vema aweza kununua hata chombo cha mwaka mmoja bila dhambi. Asiyelijibu, hata akinunua chombo cha miaka mia, ameweka amana ya watu juu ya mchanga.

Yamkini utaniambia kwamba maswali haya ni mzigo, na kwamba mtu mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kuyauliza. Nakubali kwamba ni mzigo. Lakini angalia ni mfupi kiasi gani: kuuliza huchukua siku moja, na kunakili huchukua siku mbili. Mvivu aliyesemwa na wahenga huchagua ili asilime. Mwenye makini ninayemsema huchagua kwa sababu watalima wengine, naye hatakuwapo shambani jembe litakapovunjika.

Wewe u kijana, na huenda hujapewa bado fedha za watu ununue kitu. Siku hiyo haiko mbali. Utakuwa mweka hazina wa chama, au karani wa ushirika, au mwalimu, au mzazi katika halmashauri ya shule. Utaletewa vyombo vinavyometameta kuliko vyote nilivyovitaja, na anayeviuza atakuwa na haraka. Siku hiyo usisahau methali ya wahenga, lakini isome pande zote mbili. Mchagua jembe si mkulima; na ampaye mwenziwe jembe bila kulitazama si mwungwana. Nami nimeanza kujifunza. Daftari la yule msichana nimelinakili mara tatu: nakala moja iko shuleni, moja iko kwa jamaa za mzee, na moja ninayo mwenyewe.